Laptopu inawaka lakini betri haishiki chaji: nianzie wapi kabla ya kununua betri mpya?

Karani wa wavuvi, Lamu

Assalaamu alaykum. Mimi ni karani wa kikundi cha wavuvi hapa Lamu, na kazi yangu ni kuandika kila jioni uzito wa samaki walioshushwa, majina ya vyombo na malipo ya kila nahodha. Kumbukumbu hizo zimo katika laptopu moja ambayo kikundi kiliinunua ikiwa imeshatumika. Siku hizi nikiichomeka chaja inawaka na kufanya kazi, lakini pembeni mwa skrini inaonyesha kuwa umeme umeunganishwa ilhali betri haichaji. Nikiukunja waya kidogo karibu na kichwa cha chaja, mara nyingine chaji huanza kuingia, kisha hukatika pindi ninapouachilia. Wakati wa kuiwasha hutokea ujumbe unaosema kuwa aina ya chaja haikutambulika, na tangu ujumbe huo uanze kutokea mashine imekuwa nzito mno, hata jedwali dogo la hesabu linachelewa kufunguka. Stima ikipotea huzimika papo hapo, kabla sijahifadhi nilichoandika.

Chaja yenyewe si ile ya asili. Ile ya kwanza ilikatika, tukanunua nyingine. Fundi niliyemwendea aliitazama bila kuifungua, akasema betri imekufa na ninunue mpya. Fedha ni za wanachama, nami sitaki kuzitumia kwa kubahatisha. Nitajuaje kama kosa liko kwenye chaja, kwenye tundu, ndani ya betri au katika mipangilio ya mashine?

Fundi wa kompyuta, Malindi

Waalaykum salaam, Bwana Karani. Usinunue betri kwa sasa. Dalili ulizozitaja zinaelekea kwenye chaja kabla ya kuelekea kwenye betri, na kubwa kuliko zote ni ule ujumbe unaotokea wakati wa kuwasha.

Chaja nyingi za laptopu za Dell na za HP zina pini nyembamba katikati ya kichwa. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni kuiarifu laptopu kwamba chaja hii ni ya aina fulani na ina nguvu ya wati kadhaa. Taarifa hiyo ikikosekana, kwa sababu pini imepinda, uzi wake mwembamba umekatika ndani ya waya, au chaja ni ya kuiga isiyokuwa na sakiti hiyo, laptopu inaendelea kuwaka lakini inakataa kuchaji betri, na zaidi ya hapo inapunguza kasi ya prosesa ili isivute umeme mwingi kuliko chaja inavyoweza kutoa. Ndiyo maana ukaona uzito na kutochaji vikianza pamoja. Betri iliyochoka peke yake haisababishi ujumbe kwamba chaja haitambuliki. Na kwa kuwa chaji huingia ukiukunja waya, ninashuku sana pale mahali waya unapoingia kwenye kichwa, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku.

Soma kibandiko kilicho mgongoni mwa chaja, kisha ulinganishe na kile kilicho chini ya laptopu. Kama laptopu inataka volti 19.5 na ampea 3.34, yaani wati 65, na chaja mliyonunua ina volti hizo hizo lakini ampea 2.31, basi mnatumia chaja ya wati 45 na malalamiko ya mashine ni ya haki. Volti lazima zilingane. Ampea za chaja zinaweza kuzidi bila madhara, maana laptopu huvuta kiasi inachohitaji tu, lakini zisipungue. Baada ya hapo, azima chaja ya asili yenye wati zinazotosha kutoka kwa mtu mwenye laptopu ya aina hiyo hiyo, na uwashe mashine nayo. Jaribio hilo halina gharama, nalo litakwambia mengi kuliko fundi aliyetazama kwa macho.

Iwapo ujumbe utabaki hata kwa chaja ya kuazima, geukia tundu. Zima mashine, chomoa kila kitu, kisha umulike ndani kwa tochi. Kwetu sisi wa pwani hewa ya chumvi hula madini upesi, na mara nyingi nimekuta ukoko wa kijani au mweupe kwenye mguso wa katikati ambao mwenye mashine hakuushuku kabisa. Husafishwa kwa brashi laini na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, ile wanayoitumia mafundi wa simu, wala si kwa manukato au maji, na mashine isichomekwe mpaka ikauke kabisa. Tundu likiwa linacheza, fahamu kwamba katika laptopu nyingi ni kipande kidogo chenye waya wake, kinachofunguliwa na kubadilishwa bila kulehemu, na bei yake haifikii ya betri hata kidogo.

Hali ya betri yenyewe utaijua bila kufungua chochote. Kama unatumia Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza (Enter). Mashine itaandika ripoti na kukuonyesha mahali ilipoihifadhi. Ifungue, uangalie mstari wa DESIGN CAPACITY, ambao ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na wa FULL CHARGE CAPACITY, ambao ni uwezo wake wa leo ikijaa. Tuletee nambari hizo.

Mkazi wa Shela

Ninaongeza mambo mawili kwa kaka Karani. Kwanza, angalia chaji inakomea wapi. Ikiwa inakomea kila mara kwenye asilimia 80 au 60 kamili, huenda mwenye mashine wa kwanza aliweka kikomo ili kuitunza betri, na kikomo hicho huondolewa katika mipangilio ya mashine, pengine ile inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza. Pili, joto. Betri za lithiamu hujizuia zisichajiwe zikipita takriban nyuzi 45 za Selsiasi, na mashine iliyowekwa kitandani au juani chini ya mabati mchana wa kaskazi hufika huko bila taabu. Kwangu ilikuwa ikikataa chaji adhuhuri na kuikubali usiku, mpaka nilipoihamishia juu ya meza kivulini.

Karani wa wavuvi, Lamu

Nawashukuru nyote. Chaja tuliyonunua kweli ni ya wati 45, na laptopu inataka 65. Nimeazima chaja ya asili kutoka kwa mwalimu mmoja jirani: ujumbe umetoweka, mashine imerudia wepesi wake, na chaji inaingia bila kukunja waya. Haikomei kwenye 80 wala 60, inapanda mpaka 100.

Hata hivyo inajaa upesi kuliko nilivyotarajia, na nikichomoa inaisha upesi vilevile. Ripoti inasema uwezo wa kiwandani ni mWh (miliwati-saa) 51,000 na uwezo wa sasa ni mWh 20,400. Jambo jingine sikulitaja mwanzoni kwa sababu sikudhani linahusika: kile kibao cha kusogezea kishale kimekuwa kigumu kubonyeza, na upande wake mmoja umeinuka kidogo.

Fundi wa kompyuta, Malindi

Bwana Karani, hilo la mwisho ndilo la kushughulikia leo. Katika laptopu nyingi betri iko chini kabisa ya kibao hicho, na kikiinuka maana yake ni kwamba betri inavimba kwa gesi inayotokea ndani yake. Zima mashine na usiichaji tena, hata kwa chaja nzuri. Mtu aliyezoea kazi hiyo aifungue, achomoe betri bila kuibonyeza wala kuichokonoa kwa bisibisi, kwa sababu ikitoboka inaweza kushika moto, na moto wa betri hizi katika mitaa yenye mapaa ya makuti ni hatari kwa majirani wote. Iwekwe ndani ya chombo cha udongo au cha chuma, nje ya nyumba, mbali na jua na vitu vinavyowaka, mpaka mpate anayepokea taka za elektroniki. Isitupwe jaani wala baharini, na asiibebe mtu kwenye ndege kutoka Manda. Betri iliyovimba hairuhusiwi ndani ya ndege.

Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili. Chaja ilikuwa dhaifu, na betri imebakiwa na asilimia 40 ya uwezo wake, jambo ambalo lingejitokeza hata kama chaja ingekuwa sahihi. Nunueni vyote viwili, lakini chaja itangulie, kwa sababu laptopu nyingi huweza kufanya kazi kwa chaja bila betri. Katika muda huo hifadhi kila mstari unapouandika, na unakili daftari la samaki kwenye flashi kila jioni.

Betri mpya inunuliwe kwa nambari ya kipande iliyochapishwa juu ya ile ya zamani, si kwa jina la laptopu peke yake, maana laptopu moja inaweza kuwa na betri za maumbo tofauti. Kabla ya kulipa, iwekwe ndani ya mashine na ripoti ile ile itolewe mbele ya muuzaji: uwezo wa sasa uwe karibu sawa na wa kiwandani, na idadi ya mizunguko ya chaji, pale inapoonyeshwa, iwe sifuri au karibu na sifuri. Anayekataa jaribio hilo, mwachie betri yake. Mkiagiza Mombasa na mjumbe akaja kwa ndege, aibebe kwenye mkoba wa mkononi, kwani betri za akiba haziruhusiwi katika mizigo inayopakiwa chini. Hiyo yenu ni ya Wh (wati-saa) 51, yaani zile mWh 51,000, na kikomo kisichohitaji kibali cha shirika la ndege ni Wh 100, hivyo hatasumbuliwa.

Kuhusu kile kikomo cha asilimia 80 alichokitaja dada wa Shela, ni kweli hurefusha maisha ya betri, lakini kwako wewe ambaye stima hukatika ukiwa katikati ya hesabu, ningeiacha ijae mpaka 100 siku za kazi, na kuweka kikomo wakati wa kusi kali, vyombo visipotoka na mashine ikabaki kwenye chaja kutwa nzima.