Saini ya nauli imegeuzwa saini ya makubaliano. Nani aliulizwa kuhusu asili ya takwimu zetu?

Wadau, niwieni radhi kwa urefu wa uzi huu. Naandika usiku baada ya zamu kwa sababu tangu Jumatatu sijapata usingizi wa maana.

Jumatatu mwenzangu alinitumia kwa WhatsApp waraka wa viwango vya kufuatilia asili ya takwimu za afya, yaani namba ilitoka wapi, nani aliiandika, nani aliibadilisha, lini na kwa sababu gani. Ukurasa wa pili unasema kwamba jamii na watumishi wa vituo vya chini wameshirikishwa na wameafikiana. Nikateremka hadi kwenye kiambatisho. Jina langu lipo, namba 23, na saini yangu mbele yake.

Saini hiyo naikumbuka vizuri. Niliitia kwenye karatasi ya nauli.

Ilikuwa mwaka jana, ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa hapa Kisumu. Tuliambiwa tufike saa mbili asubuhi, wenye kikao wakaingia saa nne. Maelezo yote ukutani yalikuwa kwa Kiingereza. Wahudumu wa afya ya jamii, akina mama wanaojua kila boma la vijiji vyao, waliketi nyuma upande wa dirisha. Maoni yalitengewa nusu saa, chakula cha mchana kikiwa tayari kinanukia. Mama mmoja akasimama, akaanza kueleza jambo kwa Kidholuo. Mwenye kuendesha kikao akatazama saa, akamwambia hoja yake imenakiliwa. Waraka huu nimeusoma mwanzo hadi mwisho mara mbili na hoja ya yule mama haimo. Baada ya chakula ikazungushwa karatasi: jina, kituo, namba ya simu, saini. Tukapokea nauli, tukaondoka. Hakuna aliyetuuliza kama tunakubali au tunakataa. Hakuna mkono hata mmoja ulionyooshwa.

Sasa karatasi ile ya nauli ndiyo ushahidi wa makubaliano. Waraka unaotaka kila namba ioneshe ilikotoka umesimama juu ya makubaliano ambayo hayakutoka popote. Hilo ndilo linaloniuma, na naomba mtu asiniambie nipunguze hasira.

Kwangu haya si mambo ya makaratasi. Mimi ni muuguzi msimamizi wa zahanati huku Nyakach. Mwaka fulani wakati wa masika paa letu lilivuja, rejista ya watoto wa chini ya miaka mitano, ile MOH 204A, ikalowa. Niliianika juani nikigeuza ukurasa mmoja mmoja, na hadi leo imejikunja kama majani makavu ya mgomba. Mwezi ule watoto waliothibitishwa kwa kipimo kuwa na malaria walikuwa 47. Nilihesabu mara mbili, nikaandika 47 kwa kalamu nyekundu chini ya ukurasa, nikaihamishia kwenye muhtasari wa MOH 705A, nikaupeleka kaunti ndogo kabla ya tarehe 5 kama inavyotakiwa.

Miezi miwili baadaye nikaitwa. Kwenye KHIS, ule mfumo wa taifa wa taarifa za afya, zahanati yangu ilionekana na watoto 74, na dawa tulizotoa hazikufika watoto 74. Nikaulizwa hao 27 walitibiwa kwa dawa gani. Nikaulizwa kama nimeongeza idadi ili niletewe dawa za ziada nikaziuze. Nikapewa barua ya kujieleza. Miaka yote ya kushika watoto wa watu wakitetemeka kwa homa, halafu naitwa mwizi wa dawa kwa namba ambayo sikuiandika.

Niliifunga rejista kwenye leso, nikapanda boda hadi Katito, nikaunganisha matatu. Kijana wa rekodi akafungua kompyuta na kubofya mara mbili juu ya ile 74. Historia yake ikajitokeza: kwanza 47, halafu 74, tarehe ipo, saa ipo, na akaunti iliyofanya mabadiliko ipo. Kumbe mashine ilikuwa inakumbuka muda wote!

Nikamuuliza, "Huyu ni nani?"

"Sista, hiyo akaunti tunaitumia watu wanne."

Nywila ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa skrini, kwa karatasi ya njano. Sababu ya kubadilisha haikuandikwa popote. Pengine mtu alichoka tu, macho yakageuza 4 na 7. Sina kinyongo na mtu aliyechoka, nami huchoka. Kinyongo changu ni kwamba hakukuwa na njia ya kumjua, kwa hiyo kosa likatafuta mtu wa chini likamkalia. Namba ilisahihishwa. Barua yangu iko kwenye faili mpaka leo, ingawa Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kudai habari isiyo ya kweli inayomhusu isahihishwe au ifutwe.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba wenzetu waliliona tatizo hili zamani. W3C, wanaoweka viwango vya wavuti duniani, walipitisha kiwango kinachoitwa PROV mnamo Aprili 2013, na ukiondoa ugumu wa lugha yake kinauliza mambo matatu tu: ni kitu gani, kilitokana na tendo gani, na nani alihusika. HL7 nao, wanaoweka viwango vya taarifa za afya, katika FHIR, kiwango chao cha kubadilishana taarifa hizo, wametenga sehemu nzima ya kazi hiyo kwa rekodi za wagonjwa. Na sisi wa magharibi si wageni hata kidogo! Mosoriot, kule karibu na Eldoret, kituo cha afya kilikuwa na rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta tangu 2001. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, ilianza 2004 kwa ushirikiano wa watu wa Eldoret na wa Indiana, Marekani, na KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa wa vituo vya Kenya, imejengwa juu yake. Humo ndani kila rekodi hubeba aliyeiingiza na tarehe, na aliyeibadilisha na tarehe. Ukikosea hufuti, unabatilisha, na kuna mahali pa kuandika ni nani aliyebatilisha na kwa sababu gani. Lakini rekodi hizo zikijumlishwa na kupelekwa juu kama namba moja, historia yote hiyo inabaki nyuma, na wakubwa wanapokea namba tupu.

Kwa hiyo mashine zinaweza. Kinachokosekana ni watu kuketi na kukubaliana, na kuna mambo ambayo hakuna mtaalamu wa Nairobi atakayeyajua mpaka amuulize anayeshika kalamu. Mwanafunzi wa mazoezi akijaza rejista nikiwa nazalisha chumba cha pili, jina la nani linaandikwa? Mtoto akiletwa kutoka upande wa Kericho, kwa sababu sisi tuko karibu na mpaka wa Sondu, anahesabiwa wapi? Mhudumu wa jamii akiwa na simu na daftari, na vyote viwili vinatofautiana, asili ni ipi?

Hapo ndipo ilipokuwa hoja ya yule mama. Alikuwa anasema hivi: Jumanne anakuta mtoto ana homa, simu aliyopewa imekata moto na nyumbani kwake hakuna stima, kwa hiyo anaandika kwenye daftari la shule na kumwambia mama mtoto aende zahanati. Jumamosi akienda sokoni anachaji simu na kuingiza yote. Simu inaandika Jumamosi. Kwenye ripoti anaonekana mzembe aliyekaa na mtoto mgonjwa siku nne, na mimi ninaonekana nimempokea mtoto kabla hajatumwa. Mama yule alitaka pawe na tarehe mbili, siku ya tukio na siku ya kuingiza. Wadau, FHIR yenyewe imezitenganisha tarehe hizo mbili! Mama wa kijijini ambaye hajawahi kulisikia jina la FHIR alisimama akasema kile kile walichokifikia mabingwa wa dunia, akakatizwa kwa ajili ya wali na samaki. Waraka waliouleta una nafasi ya tarehe moja.

Serikali ilitoa simu hizi kwa wahudumu wapatao 100,000 nchi nzima mwaka 2023. Ni akina mama wangapi wenye tarehe za uongo ambazo si uongo wao?

Kuna na hofu nyingine ambayo ningeisema kama ningepewa dakika mbili. Ukibandika jina la mhudumu na la kijiji kwenye kila taarifa ya ugonjwa, kijiji chenye maboma ishirini kitajua mara moja ni nani anayemeza dawa za ukimwi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu afya kuwa taarifa nyeti. Nani ataruhusiwa kuiona hiyo asili? Waraka haugusi.

Msidhani nataka kazi hii isimame. Naitaka kuliko waliouandika, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa barua. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria Septemba 2019 ilianzia Homa Bay, majirani zetu, na maamuzi makubwa namna hiyo hutegemea namba zinazotoka kwenye rejista kama yangu iliyojikunja. Warudi, waje huku chini, waketi nasi kituoni siku ambayo si ya kliniki. Wazungumze Kiswahili au Kidholuo. Watupe rasimu wiki mbili mapema, tuisome, tubishane, na asiyekubali aandikwe kwamba hakubali na sababu yake. Karatasi ya nauli ibaki kuwa karatasi ya nauli.

Nimeandika barua kudai saini yangu iondolewe kwenye kile kiambatisho. Nimeipeleka kwa mkono leo mchana, na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, tarehe ikisomeka vizuri. Nyinyi mlioketi upande wa dirisha siku ile, tafuteni majina yenu. Kiambatisho kiko kurasa za mwisho. Mama wa daftari la shule ni namba 31.