Chuo kidogo kupanda daraja: nianzie wapi?

Wakuu, mimi ni mwalimu wa michezo, chuo kimoja huku Uyole. Vijana wametoka ligi ya wilaya, msimu ujao wanacheza ya mkoa. Mkuu wa chuo anachekelea, mhasibu hanisalimii tena. Nina jozi 14 za viatu na mipira mitatu, mmoja unavuja. Nianzie wapi?

— Hongera, mwalimu. Viatu achana navyo, piga hesabu ya usafiri. Kosta ya kukodi mpaka Kyela na kurudi, watu zaidi ya 20, wali, maji. Na mechi ikiangukia wiki ya mitihani je?

— Mbeya City walipanda Ligi Kuu 2013, msimu huohuo wakamaliza wa tatu. Acheni woga!

— Mkuu, wale walikuwa na halmashauri ya jiji nyuma yao. Huyu ana mhasibu aliyenuna. Hata Marekani, vyuo vya divisheni ya tatu havitoi ufadhili wa michezo. Ukipanda ya pili ndipo mfuko unafunguka.

— Nimewasoma. Mitihani sikuiwaza kabisa, kesho namwona mtaaluma. Mhasibu nitampelekea parachichi za Tukuyu.