Fundi kachoma springi za Land Rover 109 yangu kwa gesi, halafu ananiambia "mama, si imepanda?"

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipunguza. Mods, sijataja jina la gereji wala la fundi, kwa hiyo uzi huu naomba uachwe.

Nina Land Rover 109 Series III, pikapu, dizeli ya lita 2.25, tairi 7.50-16. Ni gari la kazi. Linatoa dagaa Kayenze kuleta soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, na mvua zikikolea ndilo linalofika kule ambako wenye Fuso wanakataa kwenda. Shida yake ilikuwa moja: nyuma limelala. Magunia yakishapanda, ekseli inagonga raba za kugotea kwenye kila shimo, na usiku wanaokuja mbele wananiwashia full maana taa zangu zinawapiga machoni. Nikaomba kitu kimoja tu, nyuma irudi kwenye kimo chake cha kiwandani. Sikuomba gari liwe refu. Nilimwambia fundi kwa mdomo, nikamwandikia na kwenye karatasi, karatasi akaitia mfukoni.

Laki tatu na nusu nimelipa. Nimekabidhiwa gari limeinua makalio kama panzi.

Sijafika hata Igoma, nikagundua kuna jambo. Spidi ikifika 50 sakafu inatetemeka mpaka miguu inawasha. Kwenye kona mwili wa nyuma unatangulia upande, halafu ndio tairi zinafuata. Na ukisimama mbele ya gari ukalitazama, limelalia kulia, upande wa dereva, likiwa tupu kabisa! Nikalirudisha nyumbani, nikatandika gunia chini, nikaingia uvunguni na tochi ya simu.

Kwanza, springi. Majani yote ya nyuma, yaani vile vibamba vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, yamepigwa moto wa gesi. Katikati ya kila jani chuma kimekuwa cha kijivu chenye magamba yanayobanduka kwa kucha, na pembeni kuna mikanda ya bluu na zambarau. Hiyo ni alama ya chuma kilichopashwa mpaka kikawa chekundu. Chuma cha springi kinatengenezwa kwa kupashwa moto na kupozwa kwa mpangilio maalumu ili kikipinda kirudi. Ukikipasha mpaka kiwe chekundu ukakiacha kipoe chenyewe pale sakafuni, kitapinda vizuri sana, lakini uwezo wa kurudi umeuua. Leo kimesimama, kesho kikibebeshwa mzigo wa kweli kinalala moja kwa moja. Sasa niambieni, mtu anayejiita fundi springi hilo halijui? Au analijua, ila anajua pia kwamba likishalala mimi nitarudi kulipa tena?

Pili, na hili ndilo lililonichoma zaidi. Springi za nyuma za 109 hazifanani kulia na kushoto. Wenye Series wanajua: ya upande wa dereva ina mkunjo mkubwa kidogo, maana upande ule unabeba dereva na tangi la mafuta. Kwenye kitabu cha spea zina namba mbili tofauti. Marehemu baba alizipiga alama kwa patasi, mstari mmoja kwenye jani kuu la kulia, miwili kwenye la kushoto, ili zisichanganywe zikishushwa. Nimemulika: mistari miwili iko kulia, mmoja uko kushoto. Wamezibadilisha! Alama zipo pale pale karibu na sikio la springi, lile tundu la bolti kwenye ncha yake, kipofu angezipapasa akazihisi. Nimechukua tepu nikapima kutoka juu ya ekseli mpaka chini ya chasisi, pande zote mbili. Tofauti ni sentimita nne.

Tatu, shako. Vile vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi kwenye chasisi. Vyangu vya asili havipo. Wameweka flatiba waliyoikata kwa gesi, ndefu kuliko ya asili kwa sentimita 10, matundu yamepanuka hayajakaa sawa, na hakuna chochote kinachoziunganisha pamoja zisiyumbe. Ndiyo maana mwili unatangulia kwenye kona.

Hapa nataka wenye magari ya springi za majani wanisikilize, maana "shako ndefu" inauzwa kila kona kama dawa. Ekseli imekaa karibu na katikati ya springi. Ukirefusha shako kwa sentimita 10, mwili unapanda kama 5 tu. Zile 5 nyingine zinaenda wapi? Zinaizungusha ekseli. Mbele ya springi pamefungwa kwenye chasisi, nyuma pameshuka, kwa hiyo pua ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inatazama juu. Kwenye springi yenye urefu wa takriban mita 1.2, hiyo ni nyuzi kama nne mpaka tano. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, ina krosi mbili (viungo vinavyopinda), ya juu kwenye gia na ya chini kwenye difu, na zinatakiwa zipinde kwa pembe inayolingana ili mtikisiko wa moja ufutwe na mwenzake. Pembe zikitofautiana, propela inazunguka kwa kushtuka-shtuka. Huo ndio mtetemeko nilioupata barabara ya Musoma. Anayetaka kurefusha shako kidogo basi aweke na kabari kati ya springi na ekseli kuirudisha pua ya difu mahali pake. Huyu bwana hata kuchungulia propela hakuchungulia.

Na breki je? Kuna paipu moja ya mpira inayotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli ya nyuma. Nimepiga jeki chasisi ekseli ikaning'inia, paipu ikakazika kama kamba ya nanga. Kwenye shimo kubwa, gari likiruka, paipu ile ndiyo itakayozuia ekseli isishuke. Ikichomoka, breki ya nyuma hamna, na kwenye Series nyingi ni mfumo mmoja, mafuta yakimwagika nyuma na mbele unabaki unakanyaga hewa. Nateremka na gari hili likiwa na magunia na vijana wawili wamekaa juu ya mzigo!

Nikarudi gereji. Bosi mwenyewe akatoka akanisikiliza akiwa anachezea simu. Akasema, "Mama, hizi gari za Muingereza ndivyo zilivyo, zinalala upande." Nikamwonyesha alama za patasi. Akasema, "Ukipakia mzigo itakaa sawa." Nikamuuliza aliipima wapi kabla ya kuanza kazi na aliipima wapi alipomaliza. Kimya. Fundi wake akadakia, "Mama, wewe ulitaka ipande, si imepanda? Haya mambo ya springi tuachie sisi."

Niwaachie ninyi? Nimekua nikimshikia baba tochi chini ya gari hili hili. Nitaeleza inavyofanywa, ili mwingine akipeleka gari lake aweze kusimama pale akauliza.

Unaanza na kupima, gari tupu, mahali tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa pande zote. Unalisukasuka kwanza bampa ya nyuma ili springi zikae zenyewe. Halafu unapima ekseli hadi chasisi. Ukipima bampa mpaka chini unapima tairi na mabonde ya uwanja. Springi zinashushwa, zinafumuliwa jani moja moja, kutu inakwanguliwa, maana majani yaliyoshikana kwa kutu hayatelezi na gari linakuwa gumu huku likiwa limelala. Jani lenye ufa linatupwa. Mkunjo unarudishwa BARIDI, kwa presi au kwa nyundo ya mtu mwenye subira, kidogo kidogo kwa urefu wote wa jani. Kama mzigo wenyewe umeongezeka ndipo unaongeza jani, na hapo ujue springi inakuwa ngumu pia, gari tupu litakurusha. Kukunja kunabadilisha kimo. Jani la ziada linabadilisha kimo na ugumu vyote viwili. Mtu akikuuliza unataka kipi kati ya hivyo, huyo ni fundi.

Wakati wa kufunga, bolti za masikio na za shako zinawekwa tu, hazikazwi. Gari linashushwa likanyage kwa tairi zake, linasukwasukwa, ndipo unakaza. Bushi za Series, zile zinazokaa ndani ya matundu ya bolti hizo, zina mpira ulioshikana na chuma ndani na nje. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira unajifunga ukiwa umepotoka, gari linasimama juu kwa uongo siku chache, kisha bushi zinachanika. Zangu zimekazwa gari likiwa juu ya mawe. Najua kwa sababu upande wa kushoto mpira umeshaanza kuchungulia nje.

Safari ya Sengerema nimeiahirisha. Wateja wangu wanapelekewa na gari la kukodi, na hela ya kukodi inatoka kwangu.

Ninachodai kwa hiyo gereji ni pesa yangu yote, na shako zangu za asili. Siyo "tutakutafutia nyingine". Zile zile, za kiwandani, ambazo bamba lake moja lina uzi wa bolti ndani yake. Najua wamezitupa kwenye rundo la vyuma chakavu pale nyuma, niliona pua ya moja. Ijumaa naenda na mjumbe wa mtaa na risiti yangu, na wasiponilipa naenda mbele zaidi.

Huku nikisubiri, naomba msaada wenu wa Kanda ya Ziwa. Kuna mtu anamjua fundi mwenye presi anayekunja springi baridi, Mwanza, Magu, Bunda, hata Shinyanga nitafika? Na kama kuna mwenye 109 iliyokufa, nahitaji springi za nyuma jozi kamili, ya kulia na ya kushoto, ambazo hazijawahi kuguswa na gesi. Niandikieni PM mkiweka na picha ya katikati ya jani, nione rangi ya chuma kabla hatujaongelea bei.