Gumzo la ukoo: Uwanja wa Ames una jina la nani

Shangazi Zuhura: Idrisa umetupia picha ya uwanja bila maelezo, huyo Jack Trice ndo nani, mwenye chuo?

Idrisa: Shikamoo shangazi. Hapana, alikua mwanafunzi tu hapa chuo cha Iowa State, mji wa Ames, Marekani, mwanamichezo mweusi wa kwanza wa chuo, alikua anacheza ile futiboli ya Marekani ya kubeba mpira na kugongana. Alikufa na miaka 21

Shangazi Zuhura: Marahaba. Eeh, alikufaje tena?

Idrisa: Kwanza mjue katokea wapi. Kazaliwa Hiram, Ohio, 1902, akasoma sekondari Cleveland, sa kochi wake Sam Willaman alivyopata kazi huku 1922 akaja na vijana wake na Jack akiwemo. Alikua anasomea ufugaji, plani yake akimaliza aende kusini kufundisha wakulima weusi, njia ileile ya George Washington Carver, yule mtaalamu mweusi wa kilimo ambae nae alisoma hapahapa

Mjomba Hamisi: Carver yule wa karanga? Kumbe

Idrisa: Ndo huyo mjomba. Bas tarehe 6 Oktoba 1923 wakaenda Minneapolis kucheza na chuo cha Minnesota. Gemu imeanza tu akavunjika mtulinga, akasema yuko fiti akaendelea 😔 robo ya tatu akajirusha chini kuwazuia wapinzani akaangukia mgongo, watu watatu wakampitia juu. Hospitali ya kulekule wakasema anaweza kusafiri, akarudishwa kwa treni kalazwa kwenye godoro la majani, tarehe 8 akafariki, damu mapafuni na tumbo limeharibika ndani

Shangazi Zuhura: Walimkusudia hao. Mweusi peke yake uwanjani!

Mjomba Hamisi: Zuhura mchezo wenyewe ni wa kukanyagana, utajuaje

Idrisa: Hadi leo haijathibitishwa, hata wenzake kwenye timu hawakukubaliana. Ila baada ya gemu ya 1924 chuo hakikucheza tena na Minnesota mpaka 1989

Neema: Miaka 65 yan. Mi naona hilo ni jibu tosha mjomba

Idrisa: Na kabla ya mazishi wakakuta barua kwenye koti lake, kaiandika usiku wa kuamkia gemu, anasema heshima ya watu wa rangi yake, familia yake na yeye mwenyewe iko hatarini, watu wote wanamtegemea afanye makubwa na atayafanya. Mtu kama huyo mtulinga ukivunjika anatokaje nje? Mi ndo hapo huwa nakwama

Neema: Kabeba rangi nzima mabegani jamani, na bega lenyewe limevunjika

Baba Mdogo Salum: Sa uwanja wakampa lini

Idrisa: We acha baba mdogo. Mazishi yalijaa watu kama 4,000, wanafunzi wakachanga zaidi ya dola 2,000 za kusaidia familia, afu kimyaa. Miaka ya 70 wanafunzi wakaanza kudai uwanja mpya uitwe jina lake, ukafunguliwa 1975 wakubwa hawataki, 1984 wakampa eneo la kuchezea tu 😂 jengo bado linaitwa Cyclone, jina la timu, uwanja mzima ndo 1997

Baba Mdogo Salum: Zaidi ya miaka 20 kubadili kibao! Afu wanasema sisi ndo wazito

Shangazi Zuhura: Na wewe usije ukawa umeshajiandikisha kwenye huo mchezo

Idrisa: Naangalia tu jukwaani shangazi

Mama Idrisa: Nimesoma yote. Nipigie.