Tabo inakohoa mlimani baada ya kubadili feni

Tipa_Igawilo:
Wakuu habari. Niko Mbeya, lori la tani 4, dizeli ya silinda 4. Feni ya tabo (kifaa kinachoshindilia hewa injinini kwa nguvu ya moshi) upande wa hewa ilikuwa mdomo, yaani kipenyo cha pale hewa inapoingilia, 46 mm, kipenyo cha nje 60. Sasa imefungwa ya mdomo 52, nje 60 ileile, na konokono, yaani kasha la feni, limechongwa ndani ili feni iingie. Tambarare linavuta kuliko zamani. Mlimani na mzigo, mizunguko 1,300, linakohoa "hoh-hoh-hoh" na geji ya upepo (presha ya tabo) inacheza. Chujio ni jipya. Feni ya zamani mapanga yalilala nyuma, haya yamesimama wima. Kosa ni mdomo au mapanga?

Dizeli_Mwanjelwa:
Vyote, ila mdomo ndio umezidi. Gawa mdomo kwa kipenyo cha nje, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha mara 100. Ya zamani inatoa 59, hii 75. Hiyo ndiyo trimu. Ikiwa kubwa, feni inameza hewa nyingi injini ikikimbia. Injini ikienda polepole, hewa inaingia kivivu kwenye mdomo mpana, inakutana na makali ya panga kwa pembe mbaya na kubanduka ubavuni mwake. Hewa iliyokwisha shindiliwa mbele inarudi nyuma, ndiyo hiyo hoh-hoh.

Panga wima linatoa presha kubwa kwa mzunguko uleule, lakini hewa ikipungua halina akiba. Lililolala nyuma nyuzi 30 hadi 40 presha yake huongezeka kidogo hewa inapopungua, kwa hiyo linavumilia mlima. Gharama yake ni kuzunguka kasi zaidi.

Ipogolo_Mashine:
Ongeza na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, presha ya hewa ni kilopaskali 83 hivi, Dar 101. Upepo wa baa 1 kwenye geji, Dar tabo inashindilia mara 2.0, Mbeya mara 2.2, na feni inakimbia karibu asilimia 7 zaidi. Kwa hiyo usithubutu kukaza westigeti (kilango kinachopunguza moshi kwenye tabo ili upepo usizidi) ukidhani ni dawa, utakohoa zaidi.

Fungua pia konokono ulitazame kwa tochi. Likichongwa bila kufuata mkunjo wa panga, pengo linabaki pana pale kwenye kona na hewa inaruka juu ya ncha kurudi upande wa pili wa panga. Alama ya kung'aa upande mmoja tu maana yake halikuchongwa katikati, au beringi zimelegea. Na feni mpya ilipigwa balansi? Inazidi mizunguko 100,000 kwa dakika.

Tipa_Igawilo:
Balansi hapana. Nikirudisha feni ya 46 humohumo?

Dizeli_Mwanjelwa:
Hapana mkuu, utabaki na pengo la milimita 3 kuzunguka mdomo wote, haitashindilia kitu. Feni ya 46 na konokono lake, pamoja. Chagua yenye mapanga mafupi katikati ya marefu, hayo hayabani mdomo. Na usikubali mapanga yapigwe tupa. Mpaka hapo shusha gia mapema, usiiache chini ya 1,800 ukiwa na mzigo.