Naomba ushauri: je, mandhari za Courbet zisomwe kisiasa?

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Naandaa makala kuhusu Gustave Courbet, mchoraji wa uhalisia kutoka Ornans, Ufaransa, na nimekwama kwenye picha zake za mandhari. Siasa zake ziko wazi: alijiunga na Komyuni ya Paris, serikali ya kimapinduzi iliyoshika jiji hilo kwa muda mfupi mwaka 1871, akahukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kuhusishwa na kuangushwa kwa nguzo ya Vendôme, mnara wa kumtukuza Napoleon jijini Paris, na mwaka 1873 akakimbilia Uswisi ili asibebeshwe gharama za kuisimamisha upya. Lakini chanzo cha mto Loue, mto wa kwao Ornans, alichokichora mwaka 1864, yaani miaka 7 kabla ya hayo yote, ni pango jeusi lenye miamba iliyopakwa rangi nzito kwa kisu, pasipo bendera wala umati.

Nimejaribu kulinganisha picha hiyo na zile za ngome ya Chillon alizozichora uhamishoni Uswisi, nikajikuta nabandika siasa kila penye wingu, na sijiamini tena.

Je, mandhari ya namna hii inaweza kusomwa kisiasa bila kuegemea wasifu wa mchoraji? Na kule kuchagua miamba ya kwao badala ya Paris, kunatosha kuwa hoja?