Baba Mkubwa kaanguka (gumzo la kikundi cha ukoo)

Juma (Kilosa): Shikamooni. Baba kaanguka alfajiri akitoka msalani. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Majirani wanasema jini.

Shangazi Mwajuma: Ya Rabi! Mmempa nini?

Juma: Uji kidogo. Jirani kaleta aspirini.

Dada Rehema (nesi): Msimpe kitu mdomoni, atapaliwa! Aspirini acheni kabisa. Kama mshipa umepasuka mtamzidishia damu kichwani. Mpaka apigwe CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, ndiyo ijulikane umeziba au umepasuka. Hicho ni kiharusi, Juma. Alianguka saa ngapi?

Juma: Kumi na moja. Tulienda zahanati, presha 210 kwa 120. Gari la wagonjwa halina mafuta. Kuna Noah, dereva anataka laki na nusu, njia imejaa maji.

Baba Mdogo Saidi: Natuma laki sasa hivi. Nani anaongeza?

Shangazi Mwajuma: Elfu hamsini, weka.

Rehema: Sasa ni saa mbili asubuhi, saa tatu zimeshapita. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kiharusi kianze, na zenye nayo ni hospitali kubwa chache. Kwa njia hiyo hamtawahi. Mpelekeni hivyohivyo, huduma nyingine zipo.

Mjomba Hamisi: Yule shemeji wa Upanga, hapa Dar, alianguka hivihivi, nusu saa yuko hospitali, bima ikalipa. Leo anaendesha gari! Huyu wetu anasubiri Noah.

Saidi: Kwani vidonge vya presha aliacha?

Juma: Hakuacha, baba mdogo. Zahanati viliisha, duka la dawa mpaka mjini, nauli elfu kumi kwenda na kurudi. Akawa anameza leo, anaruka siku mbili.

Mwajuma: Basi jini lenyewe ndilo hilo.

Hamisi: Sisi wa Dar tuna nafuu.

Rehema: Nafuu ya hospitali, mjomba. Utafiti wa Dar na Hai, kule vijijini Kilimanjaro, wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta huku mjini kiharusi kinapiga karibu mara tatu ya kule. Wewe umepima lini? Na shangazi na moshi wa mkaa humo chumbani, nao unachangia.

Mwajuma: Gesi ninunue kwa hela gani, mwanangu?

Juma: Noah imefika, tunampakia. Mtandao utakatika mpaka lami.

Rehema: Mlaze ubavu, kichwa juu kidogo. Ukimwona daktari neno la kwanza liwe saa aliyoanguka.

Juma: Sawa dada.